Andika Kama Niko Nangoja

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, hapa Baraka, kabla ya kura juu ya mkopo wa dharura. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumepunguza kidogo tu.)

Jambo bamama, jambo babaa, jambo vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti havikutosha. Nawasalimia pia ndugu wafadhili ambao hawako hapa leo lakini watasoma maneno haya katika jarida letu.

Komite imeniomba niongee kidogo juu ya ile kanuni ya mkopo wa dharura. Mnaijua. Inasema mama akiomba mkopo, mume aweke saini. Kama hana mume, alete karatasi ya ujane ao ya kuachana. Mchana huu mtapiga kura kama ibaki vile ao ibadilishwe. Bon. Mimi sitaanza na kanuni. Nitaanza na askari mmoja.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tunarudi toka upande wa Lulimba na gari ya kazi. Kwenye barieri moja alisimama kijana, miaka yake kama 22. Bunduki begani, ndala miguuni. Aliangalia karatasi za safari, akaturudishia. Hakuomba pesa, hakuomba hata sigara. Akazunguka upande wa dirisha langu, akaongea polepole:

«Mukubwa, mutapita Mboko?»

Nikamwambia leo tunalala Baraka, kesho tunapita Mboko.

«Kuko musichana pale, karibu na robine ya pili. Umuambie tu kama niko.»

Nikamuuliza: nimwambie uko wapi?

«Hapana. Kama niko. Basi.»

Ninyi wote mnasikia neno hilo. Hakusema «nampenda», hakusema «anisalimie mama». Alitaka msichana ajue jambo moja tu, kwamba bado anapumua.

Nilimkatalia. Shirika ninalofanyia kazi lina sheria: gari halibebi silaha, halibebi askari, halibebi ujumbe wa askari. Sheria hiyo ninaitetea mpaka leo. Barua ndogo ikikutwa ndani ya gari kwenye barieri inayofuata, watu watasema mnapeleka habari kwa adui, na mgonjwa wa kesho atakosa gari. Kijana alisikiliza, akasema «haina shida, mukubwa», akainua mti wa barieri. Tukapita.

Kosa langu si kwamba nilikataa. Kosa ni kwamba njia nyingine ilikuwepo na sikumwonyesha. Nitarudi hapo.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa tunaandikisha kaya kwa ajili ya mbegu na majembe, hapahapa Baraka. Fishi ilikuwa na nafasi nne: ameolewa, mjane, ameachwa, hajaolewa. Akafika dada mmoja, mtoto mgongoni. Nikamuuliza: mume yuko? Akasema hayuko. Umefiwa? Hapana. Mliachana? Hapana. Akaniambia:

«Siko mujane, siko wa kuachwa. Mahari walileta nusu. Nusu ingine alisema ataleta akipata konje. Kisha wakamutuma mbali. Andika kama niko nangoja.»

Nikamwambia fishi haina nafasi hiyo. Nyuma yake kulikuwa na mstari mrefu, jua kali. Nikaweka alama kwenye «hajaolewa». Mtoto alikuwa mgongoni mwake wakati naandika. Alitazama kidole changu kwenye karatasi, akaondoka bila kusema kitu.

Dada huyo ni mwanachama wetu. Amenipa ruhusa niseme habari yake bila jina. Watu wa ofisini waliniuliza kama ndiye yule wa robine ya pili. Siye. Mchumba wake ni mwingine, alikwenda upande mwingine. Wako wengi, ndiyo sababu tuko hapa.

Sasa niongee kidogo historia, kwa sababu jambo hili si jipya kwetu. Milima yetu ya Fizi ilishapokea askari mwenye kumkumbuka mpenzi wa mbali, na huyo aliandika alichokuwa anawaza.

Vijana mmesikia jina la Che Guevara, wengine mnalivaa kwenye tisheti. Wazee wanajua kwamba huyo mtu alikuwa huku. Alivuka ziwa toka Kigoma, akafika pwani ya Kibamba alfajiri ya 24 Aprili 1965, pamoja na Wakuba wa kwanza. Walikuja kusaidia waasi wa wakati ule, wale tulioita Simba. Walijipa majina ya kuhesabu ya Kiswahili: Dreke akawa Moja, Tamayo akawa Mbili, na yeye mwenyewe akawa Tatu. Alitimiza miaka 37 akiwa juu ya milima hiyo, na malaria ilimpiga sawa na mtu mwingine yeyote.

Mwezi Mei 1965 mjumbe toka Kuba alipanda mpaka kambini. Alimwambia kwamba mama yake, huko Argentina, yuko katika hali mbaya sana. Kweli mama huyo alikufa mwezi uleule. Che, aliyekuwa peke yake na habari hiyo, akaandika hadithi fupi. Aliiita «Jiwe», kwa Kispaniola «La Piedra». Humo anataja vitu vidogo alivyokuwa navyo mfukoni. Kimoja ni kijiwe cha mnyororo wa funguo, alichopewa na mama yake. Kingine ni kitambaa chepesi alichopewa na mke wake, ili akijeruhiwa mkono kiwe cha kuufungia.

Angalieni mambo hayo. Komanda wa vita, jina lake linajulikana dunia nzima, na juu ya mlima wa Fizi anashikashika kitambaa mfukoni. Kijana wa barieri na yeye wanafanana hapo. Mawazo ya askari si maneno makubwa. Ni kitu kidogo cha kushika.

Tofauti iko upande wa mwanamke. Mke wa Che, Aleida March, alibaki Havana na watoto wanne wadogo. Wa mwisho alizaliwa Februari 1965, wakati baba yuko katika safari za Afrika, na mwanzoni mwa Aprili baba akaondoka tena kuja huku. Aleida aliomba aje amfuate. Che alimjibu kwa barua kwamba haiwezekani. Jibu hilo lilimuuma. Lakini alijibiwa. Alijua mume yuko hai, alijua mkono wake ungali unaandika. Na vita viliposhindikana, mwanzoni mwa 1966, alipelekwa kwa siri mpaka Dar es Salaam, wakakaa pamoja ndani ya nyumba ya ubalozi, mahali Che alipokuwa anaandika kitabu chake juu ya vita vya huku. Kitabu hicho mwenyewe alikiita historia ya kushindwa.

Sileti habari hii ili tumsifu mtu. Wazee wa hapa wana maneno yao juu ya vita vile, na nyumba nyingi zilichomwa. Naileta kwa sababu ya swali moja. Mkitaka kujua jina la mke wa Che, mtalikuta kitabuni. Mkitaka kujua jina la msichana wa Lulimba aliyengoja Simba wake mwaka ule ule, lazima mumuulize bibi yenu, na kama bibi ameshalala, basi.

Na Simba wale walikuwa na mzigo wa ziada. Mnajua habari ya dawa. Mganga alimnyunyizia mpiganaji maji ili risasi zisimwingie, lakini dawa ilikuwa na masharti: usichukue kitu cha mtu, usiogope, usiguse mwanamke. Che mwenyewe aliandika masharti hayo. Akikufa mpiganaji, watu walisema alivunja sharti. Fikirini msichana aliye kilomita tano tu toka kambi. Mpenzi wake yuko karibu, anaona moshi wa moto wake jioni, lakini ni kama yuko ng'ambo ya bahari. Na mwanaume akianguka, kidole kinaelekezwa kwake: labda alikwenda kwa huyu. Hata vita vilivyokuja nyuma, kati ya wale wa Mai-Mai, sharti hilo lilirudi. Kwa hiyo mwanamke wa mpiganaji, huku kwetu, alibeba kungoja na akabeba lawama pia.

Mwisho wa Septemba 1965 mamluki wa Mike Hoare na jeshi la serikali walishuka pwani, upande huu wa Baraka. Novemba kazi ikaisha. Usiku wa kuamkia 21 Novemba Wakuba walipanda mitumbwi ya injini kurudi Kigoma. Wapiganaji Wakongomani waliotaka kuvuka nao walikuwa wengi, nafasi hazikutosha. Wengine walibaki mchangani.

Kulikuwa pia kijana mmoja wa kwetu, Freddy Ilanga. Alikuwa na miaka kama 16 alipopewa kazi ya kumfundisha Che Kiswahili na kumtafsiria. Alipelekwa Kuba, akasoma, akawa daktari. Karibu miaka 40 ilipita ndipo akasikia tena sauti ya ndugu zake wa Kivu. Miaka 40! Mtu aliyekaa na komanda ambaye dunia nzima inamsoma, na kwao hawakujua kama yuko.

Sasa turudi kwetu, kwetu sisi waliorudi.

Wengi wenu mlivuka ziwa 1996, wengine 1998. Mnakumbuka Nyarugusu. Mnakumbuka Lugufu mpaka ilipofungwa 2009. Mimi ni mtoto wa Lugufu. Kule kambini kulikuwa na bamama ambao wanaume wao walibaki huku na bunduki. Habari zilikuja na wavuvi na wafanyabiashara wa mitumbwi, na kila mmoja alikuja na habari yake. Huyu anasema yuko Fizi-Centre. Mwingine anasema alimwona Kazimia na mwanamke mwingine. Wa tatu anasema alizikwa. Mama mdogo wangu alipokea habari zote tatu katika juma moja. Alipika, akatupatia chakula, yeye hakula.

Kilichomsaidia ni karatasi. Mnazikumbuka zile karatasi za Msalaba Mwekundu? Unaandika habari za familia tu: niko mzima, mtoto alizaliwa, baba alifariki, tuko bloku fulani. Huandiki siasa, huandiki mambo ya jeshi. Haifungwi, inaenda wazi, kila mtu anaweza kuisoma njiani. Wakati mwingine ilichukua miezi. Mama mdogo alipata jibu, mistari minne. Ilisema, kwa ufupi, asimngoje tena. Alilia siku mbili. Kisha alifua nguo zake zote, akaanza biashara ya dagaa. Aliniambia nikiwa mkubwa kwamba karatasi ile ilimwumiza na ilimfungua.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba jibu baya nalo ni habari, mtu anaweza kusimama juu yake.

Njia ile ya karatasi ipo mpaka leo. Msalaba Mwekundu wa nchi yetu na ule wa kimataifa wangali wanafanya kazi ya kuunganisha familia zilizotengana. Hiyo ndiyo njia ambayo sikumwonyesha kijana wa barieri. Nilikuwa na dakika mbili. Ningemwambia: mimi siwezi, lakini ukimpata mtu wa Croix-Rouge, mwambie unataka kutuma habari kwa familia. Sikusema. Nilifikiria sheria yangu tu.

Mtasema: lakini leo kuna simu. Kweli. Nimeuliza watu walioacha bunduki, wale walio kijijini sasa, wengine ni wanachama wetu. Niliwauliza: mlipokuwa kule, mlikuwa mnawaza nini juu ya wale waliobaki? Na kwa nini hamkupiga simu?

Juu ya swali la kwanza, hakuna aliyeniambia maneno ya wimbo. Mmoja aliwaza kama paa la jikoni lilivuja, kwa sababu aliondoka mwanzo wa mvua na alikuwa ameahidi kulitengeneza. Mwingine aliwaza rangi ya kitenge ambacho mchumba wake alivaa siku ya kuagana, na alikasirika sana siku alipogundua kwamba hakumbuki tena kama maua yake yalikuwa ya njano ao meupe. Wa tatu aliwaza hesabu: mahari imebaki kiasi gani, mbuzi wangapi, na nani amekuja na mbuzi wengi zaidi. Alisema usiku, kwenye zamu, hesabu ile ilimfanya asisinzie.

Juu ya simu, majibu yalikuwa mengi. Rezo hakuna, unapanda kilima kuitafuta, na kilima chenye rezo ndicho watu wa upande mwingine wanakilenga. Simu zinakusanywa wakati wa operesheni. Inite inaisha. Wakati mwingine mshahara umechelewa, na mwanaume anaona haya kupiga simu ya mikono mitupu. Huyo wa paa aliniambia hivi: «Ningemupigia nimuambie nini? Angeniuliza pesa ya mtoto. Nikaona afazali nikuwe nimepotea.»

Babaa, vijana, hapo naomba tusikilizane. Huyo alimpenda. Alimuwaza kila siku. Na kule nyumbani, mawazo yake yote hayakumfikia mwanamke hata kidogo. Yeye aliona kimya tu. Kimya cha mtu anayekupenda na kimya cha mtu aliyekufa na kimya cha mtu aliyeoa mwingine, ukiwa umekaa Baraka, vyote vinafanana.

Tangu Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu zilipochukuliwa na M23, kimya hicho kimeongezeka. Wengine walihamishwa upesi, wengine walipoteza simu na vitu vyote njiani. Siingii katika siasa. Kazi yangu hainiruhusu na mkutano huu si wa siasa. Nasema tu kwamba wanawake wenye kungoja wameongezeka katika kartie zetu, na kanuni yetu haiwaoni.

Niwaambie ilivyotokea mwaka jana. Yule dada wa fishi, mtoto wake alishikwa na homa kali usiku. Asubuhi alikuja kwa komite kuomba mkopo wa dharura, kwa sanduku ambalo yeye mwenyewe analichangia kila juma. Tulimuuliza saini ya mume. Hayuko. Karatasi ya ujane. Hana, na alikataa kabisa kuitafuta. Alisema: «Mukitaka nikuwe mujane, mumulete kwanza marehemu.» Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimekaa pale kama mshauri. Nilijua kanuni imekosea, nikanyamaza, kwa sababu kanuni ni kanuni na saa ilikuwa imeenda. Dada huyo aliuza bidoni zake tatu za mawese siku ileile, kwa bei ya kutupa, akalipa matibabu. Mtoto alipona, tumshukuru Mungu. Lakini mtaji wa miezi sita ulikwisha, na yeye alikuwa mwanachama mwenye kulipa bila kuchelewa.

Kwa hiyo nimetumia midomo yangu mara moja vibaya na kimya changu mara moja vibaya. Leo nataka niseme sawasawa. Napendekeza mambo manne.

La kwanza: kwenye daftari la wanachama, pamoja na ameolewa, mjane, ameachwa, hajaolewa, tuongeze neno la tano: anangoja. Ni neno lake mwenyewe, mimi silikugundua.

La pili: mama aliyeandikwa «anangoja» apewe mkopo wa dharura kwa saini yake mwenyewe, na mashahidi wawili. Mmoja wa mashahidi atoke katika familia ya mwanaume, kama ipo hapa. Kama haipo, chifu wa avenue ao kiongozi wa kanisa ao wa msikiti.

La tatu: tuteue watu wawili, mwanamke na mwanaume, wa kusindikiza wenye kungoja mpaka kwa Croix-Rouge kuandika ujumbe wa familia. Na tufundishane namna ya kuandika. Ujumbe useme juu ya mtoto, juu ya afya, juu ya paa. Usiseme kikosi, usiseme mahali, usiseme hesabu ya watu. Hilo si mchezo. Juni 1965 katika shambulio la Front de Force, kule Bendera, Wakuba wanne waliuawa, na mmoja wao alikuwa amebeba daftari lake la kila siku. Daftari lile liliwaonyesha adui kwamba Wakuba wako Kongo, jambo ambalo lilikuwa siri. Mtu aliandika kwa ajili ya moyo wake, likawa jambo la vita.

La nne: kijana akirudi kwa konje, tumsukume, kwa upole lakini tumsukume, waende kwa etasivili kuandikisha ndoa. Sheria yetu ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inaruhusu ndoa iliyofungwa kimila kuandikishwa. Karatasi hiyo haina uzito mfukoni. Lakini siku mwanaume akianguka, mwanamke asiye na karatasi anaambiwa: wewe ni nani? Na mtoto wake pia anaulizwa hivyohivyo. Babaa wenye mabinti, msiseme tunangoja mahari imalizike kwanza. Mbuzi waliobaki mnaweza kuwadai hata baada ya karatasi.

(Hapo watu walicheka na kupiga makofi.)

Najua kuna maswali. Mzee mmoja aliniuliza jana: si tutapata wachumba wa uongo? Kila msichana atasema ana askari. Baba, labda atakuwepo mmoja. Ndiyo maana nimesema mashahidi. Lakini kanuni ya leo imemzuia mama wa kweli, na wa uongo angeweza kutafuta saini ya uongo kwa urahisi. Mwanaume yeyote wa jirani anaweza kuweka saini.

Ndugu wafadhili nao watauliza: je, mnasaidia watu wenye silaha? Hapana. Pesa haitoki nje ya sanduku letu, haivuki barieri hata moja. Inaenda kwa mwanachama, kwa ajili ya mtoto, na inarudi na riba ndogo kama mikopo mingine. Hatuulizi mwanaume yuko upande gani. Mwanamke anayemngoja mwanaume wa jeshi na anayemngoja mwanaume wa kikundi wanachota maji kwenye robine moja, na ndoo ni zilezile. Tunachoomba kwenu si pesa zaidi. Tunaomba fishi zenu pia zipate nafasi ya tano, kwa sababu kazi yetu ya kuhesabu watu huanza na fishi zenu.

Na jambo la mwisho, nawaambia bamama na bashangazi. Neno «anangoja» lisiwe kifungo. Mwanamke akisema leo nimechoka, niandike kwa nafasi ingine, mwandishi akate neno lile, aandike jipya, bila kumuuliza mbele ya watu. Tusimwite malaya, tusimwite asiye na moyo. Miaka inapita juu yake, na mtoto anakua. Mama mdogo wangu alingoja miaka, akaacha, akaolewa vizuri na mvuvi wa Ubwari. Hakuna hata mmoja wetu aliyemdharau. Na anayetaka kuendelea kungoja, tusimwambie kila jumapili kwamba anapoteza wakati. Yeye ndiye anayejua alichoambiwa siku ya kuagana.

Mwezi uliopita nilipita tena kwenye barieri ile. Walioko sasa ni wengine. Nilisimamisha gari, nikawaambia juu ya karatasi za Croix-Rouge, kwa maneno machache, nikaendelea na safari. Mmoja wao alinikimbilia, akauliza: «Ni bure?» Nikamwambia ni bure.

Basi, kura iko mikononi mwenu.

(Neno la jarida: baada ya majadiliano marefu wanachama walipitisha mapendekezo ya kwanza, ya pili na ya tatu. La nne limerudishwa kwa wazee wa familia ili walijadili juu ya mahari. Daftari lenye nafasi ya tano limeanza kutumika. Aliyeandikwa wa kwanza aliomba asome mwenyewe neno lile kabla ya kuweka saini, na mwandishi akamgeuzia daftari.)